Risasi za Pindo

Idrisa amekufa. Habari zilinikuta kwenye ngazi za jengo la maduka ya jumla hapa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika katika mji huu wa Kichina, mkono mmoja umeshika sampuli ya zulia, mwingine simu, na sauti ya Bi Zuwena ikitoka kwenye kundi letu la Watanzania: "Jamani, yule fundi wetu wa mapazia, Idrisa wa Unguja, katutangulia. Tumuombeeni." Wakafuata watu chungu nzima na "Inna lillahi" zao, wengi hawakumjua hata sura, wameingia mji huu juzi. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, watu wakanipita na maboksi, mmoja akanikanyaga, akaniomba radhi kwa Kichina, nikamjibu kwa Kizaramo. Nitasema wazi kwa sababu sikusoma mambo ya kuzungukazunguka. Idrisa alifukuzwa nchi hii kwa neno moja lililoandikwa kwenye simu yake. Neno lile niliandika mimi. Hakujua. Amekufa hajui.

Watu wakiandika maisha yao huanza na babu, na baba, na walikotoka. Sina haja ya hayo. Niliishia darasa la nne, na kila nilicho nacho nimekitafuta kwa miguu hii, hakuna aliyenishika mkono. Wengine mwaka uliowafinyanga waliupata wakiwa na miaka kumi na minane. Mimi ulinikuta na arobaini na saba, mvi zimeanza, nadhani nimekwisha kuwa mtu. Ilikuwa kabla ya ule ugonjwa uliofunga mji. Tulikaa ghorofa ya saba, Idrisa na mimi, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi kwamba jirani akianika soksi zake unaweza kumwambia hazijatakata. Magodoro mawili, cherehani moja, jiko la gesi, na katikati, kwenye meza nzito, mashine ya mkono ya kubania ringi. Viti hatukuwa navyo, tulikalia majora ya kitambaa. Chumba kizima kilinuka shaba. Harufu ya shaba huijui mpaka ulale nayo. Inakaa kwenye vidole, unakula wali unaonja shaba, unapangusa uso asubuhi unaonja shaba. Mpaka leo nikishika sarafu nyingi pamoja, moyo unaanguka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Hoteli moja ya Dar ilinipa oda ya mapazia ya vyumba vyake vyote, yale mazito ya ringi, yanayopita kwenye bomba. Kitambaa tulichukua Zhongda, kule soko la vitambaa ambako ukipotea unaweza kuzeeka hujaiona barabara. Ringi ni vipande viwili vya shaba, cha juu kina shingo, cha chini ni kama sahani ndogo. Unatoboa kitambaa, unavikutanisha, unavuta mkono wa mashine, shingo inajikunja na kushika. Vipande vile kabla ya kubanwa sisi wenyewe tuliviita maganda. Na chini, ndani ya pindo, pazia zito hutiwa vipande vya risasi, yale madini ya kijivu, ili lining'inie limenyooka lisichezwe na feni. Kwetu risasi ni risasi. Ya pindo, ya betri, ya bunduki, neno ni hilo hilo moja. Shika hapo.

Idrisa alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi, mwembamba, ana kikohozi cha vumbi la kitambaa, na alikuwa fundi ambaye sijaona mfano wake. Nasema hivi mimi ninayejisifu kuliko wote. Wiki ya kwanza ringi zilikuwa zinatupasukia. Unavuta mkono, unageuza pazia, unakuta shingo imechanika pande nne kama ua. Ringi ya namna hiyo inakata kitambaa, na pazia likifuliwa mara mbili linabaki matambara. Nikaanza kuipiga mashine.

"Mashine mbovu hii."

"Yakhe, mashine haijakukosea," Idrisa akasema. "Nyinyi watu wa Dar likiwashinda jambo, mbovu ni mashine."

"Na nyinyi wa Unguja likiwashinda, mnalisomea dua."

"Dua na moto. Hebu kaa. Usitazame, sikiliza tu." Akavuta mkono. Kop. "Hii imekaa." Akatia nyingine, akavuta. Tik. "Hii imechanika, na wewe bado hujaiona."

Nikaigeuza. Imechanika.

Akanifundisha, na mimi sijawahi kufundishwa na mtu aliye hai. Alisema shaba ikishafinyangwa kiwandani inakuwa ngumu, ina kiburi, ukiikunja inachanika badala ya kutii. Akayatia maganda kwenye chujio la chuma, akalitingisha juu ya moto wa gesi, jicho halibanduki. "Rangi ikigeuka, toa. Ukingoja mpaka iwe nyekundu umeiua, itakuwa uji." Akayaacha yapoe, akayaosha kwa ndimu na chumvi yakang'aa upya. Yakabanwa, kop, kop, kop, hata moja halikupasuka. Ringi zilipokuwa zinanasa kwenye kalibu ya juu, kile chuma cha mashine kinachobana, mimi nilimwagia mafuta, tukapata doa kwenye pazia zima. Yeye akapaka nta ya mshumaa kidogo kwa kidole, zikawa zinadondoka zenyewe. Siku ringi zilipokuwa zinajikunja upande mmoja, alibana karatasi tupu badala ya kitambaa, akaiinua kwenye taa, akanionyesha alama: huku imezama, kule imegusa tu. Kalibu zilikuwa zimepishana. Akakata kipande cha bati la biskuti, akakichomeka chini ya kalibu ya chini, akakaza bolti. Mimi ndiye niliyezipishanisha, kwa kuvuta kwa nguvu. Alijua. Hakulisema.

Mchana tulikula kwa Bi Zuwena, ghorofa mbili chini yetu. Alipika chumbani kwake, wali wa nazi ya kopo, na samaki wa mtoni mwenye miiba mpaka kwenye nia. Wafanyabiashara walijazana kwenye kapeti, na mazungumzo yalikuwa yale yale: nani kapandishiwa bei ya mzigo, laoban gani muongo. Laoban ndiyo bosi, kila mwenye duka hapa ni laoban, hata anayeuza pini. Idrisa alikuwa akiwachekesha kwa kisa chake. Siku moja sokoni alimwandikia mama mmoja muuza vyuma kwa Kiswahili kwenye simu, simu ikageuza Kichina, kwamba anataka risasi. Yule mama akasoma, akaangusha kalamu, akamnyooshea kidole kama bastola: pa! Duka zima likavunjika mbavu. Mama akaifuta ile meseji kwa mkono wake mwenyewe, halafu akaacha kucheka, akamtikisia kidole.

"Tangu siku hiyo," Idrisa akasema, "kwenye simu neno hilo ni mwiko. Napiga picha, naonyesha. Nchi hii hawana mzaha na bunduki."

"Na Shomari naye anajua?" Bi Zuwena akauliza, kijiko kimenielekea mimi.

"Kaka Shomari haandiki. Ananiambia mimi, naandika mimi."

Watu wakaendelea kula. Hakuna aliyenicheka. Lakini katika yote yale mimi nilisikia "haandiki" tu, onyo lenyewe likanipita. Nimejenga nyumba mbili, nimesomesha watu, nimewaajiri wenye digrii wakanisalimia kwa kuinama. Haandiki! Maneno mengine hayakukusudiwa kukuumiza, ndiyo maana yanaingia ndani zaidi.

Idrisa alikuwa na tumaini moja, na nitalisema ili ijulikane kilichopotea. Mama mmoja wa Zhongda, muuza vitambaa vya mapazia, alikuwa amemwona akikata kitambaa bila kupima, kwa jicho, na kipimo kikatoka sawa. Akamwahidi meza kwenye kona ya duka lake baada ya mwaka mpya wa Kichina, ahudumie wateja wa Afrika, ashone hapo hapo. Meza tu. Idrisa alikuwa akiizungumzia kama mtu aliyepewa ufalme. Aliniambia, "Kaka, nimeshona maisha yangu yote kwenye pembe za watu. Kwa mara ya kwanza mtu kaniita kwa ajili ya mikono yangu." Lakini viza yake ilikuwa inaelekea ukingoni. Ilibidi atoke nchi, aombe upya, arudi.

"Maliza kwanza mapazia ya ghorofa ya tatu ya hoteli," nikamwambia.

"Siku zinakwisha, Kaka Shomari."

"Siku chache zitakula nini? Nani atakuuliza? Wewe umejifungia humu na shaba. Mzigo ukiondoka, nawe unaondoka."

Akatazama majora yaliyobaki. Alikuwa mtu wa kuona haya, hawezi kumwachia mkubwa wake kazi katikati. Akavuta cherehani. Viza ikafa, naye bado anashona. Siku ya kwanza alihesabu kwa sauti. Ya pili pia. Baadaye akanyamaza.

Ijumaa ile alikwenda msikitini. Mimi nilisema mgongo unaniuma. Mfuko mpya wa maganda ulikuwa umefika, nikaanza kubana peke yangu. Tik. Tik. Tik. Yote yanachanika. Nilijua dawa yake, nilifundishwa: chujio, moto, subira. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba tumeuziwa uchafu, na mimi nikishaamua, basi. Simu ya Idrisa ilikuwa kwenye chaji pale kwenye jora. Nilikuwa nimemwona mara mia akifanya: unaandika Kiswahili, unabonyeza, kinatoka Kichina, unakinakili, unakituma kwenye kundi la wauza vyuma, wenye maduka wengi kweli kweli, meseji zao nyingi hata yeye hazisomi zote. Nikaishika. Nikaandika herufi moja moja, kama kuku anavyodonoa, jasho linanitoka. Nayakumbuka maneno yote kwa sababu ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika mpaka siku ile:

"Nataka maganda ya shaba elfu tano yasiyopasuka mdomo. Haya yenu yanapasuka tukiyabana. Nataka na risasi kilo ishirini. Mashine tunayo, tunatengeneza wenyewe nyumbani. Fanyeni haraka ni kwa ajili ya hoteli."

Nikatuma. Nikajiona mtu mwenye shahada. Idrisa aliporudi na mishkaki ya kondoo kwenye karatasi, simu ilikuwa mahali pake, na mimi nilikula mishkaki yake nikitabasamu peke yangu kama bwege. Nilitaka mzigo ufike ndiyo nimwambie: ona, nimeandika mwenyewe.

Wakaja kesho yake, saa nne asubuhi. Mwenye nyumba mbele, uso mweupe kama chokaa, nyuma yake polisi, wengi, wamejaza ujia, na mbwa. Walikuja na kijana wa kutafsiri kwa Kiingereza, na Kiingereza Idrisa alikijua, mimi sikukijua. Wakatusimamisha ukutani. Wakaona meza, wakaona mashine yenye mkono mrefu, wakaona mifuko ya shaba, wakaona kisanduku cha vipande vya risasi vya kijivu, na nikaona mmoja wao anamrudisha mwenzake nyuma kwa kiganja, taratibu. Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji kutafsiriwa. Maganda na risasi zangu zimesomwa kuwa za bunduki. Idrisa aliwaeleza, mikono juu, akawaonyesha kwa kidevu pazia lililokwisha. Mkubwa wao akalivuta, akalikunjua, likaanguka limenyooka, zuri, ringi zake zinametameta. Akalitazama. Akachukua ringi moja, akaivaa kidoleni kama bibi harusi, akawaonyesha wenzake. Wakacheka. Wallahi walicheka, na mbwa akalala chini. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Kisha kijana wa kutafsiri akainua karatasi yenye ile meseji kwa Kiingereza, akauliza, na Idrisa akanigeuzia Kiswahili, kwa upole, kama ananipa salamu: "Wanauliza nani kaandika. Imetoka kwenye simu yangu." Akanisomea. Alikuwa anasoma huku anakunja uso, anajitafuta ndani ya maneno yale. Nilikuwa na nafasi. Nataka ieleweke kwamba nafasi ilikuwepo, pana, nilipata hata muda wa kusikia bomba linadondosha maji kwa jirani. Idrisa akasema, "Simu ni yangu. Basi nitakuwa ni mimi. Nimechoka siku hizi, naandika mengi." Akawaambia hivyo kwa Kiingereza, akaomba radhi kwa usumbufu. Wakakubali. Jambo la risasi likafa pale pale. Mkubwa wao akanyoosha mkono: pasi za kusafiria.

Yangu ilikuwa safi. Yake ilikuwa imepitwa siku tisa.

Hawakumpiga, hawakumtukana. Walichukua simu yake, wakampa muda akavaa viatu. Alinigeukia mlangoni akasema, "Kaka, yachome kwanza hayo maganda kabla hujayabana. Usiyalazimishe." Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwona akiyasema kwa mdomo wake. Alikaa ndani siku kadhaa, akarudishwa kwao, akaandikiwa asirejee kwa miaka. Bi Zuwena alimpelekea chakula, wakakipokea. Mimi sikwenda. Nilisema nina mzigo. Nilikwenda Zhongda, lakini kumwambia yule mama asingoje. Alikuwa ameshaiweka ile meza, imefutwa, juu yake kuna futi na mkasi mpya kwenye ganda lake la plastiki. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba Idrisa amepanda ndege. Akauliza kitu. Nikasema "meiyou", hakuna, neno ambalo hapa linajibu kila kitu. Akautia mkasi kwenye droo.

Mapazia nikayamaliza mwenyewe. Niliyachoma maganda kama alivyosema, hayakuchanika. Hoteli ikafurahi, ikanipeleka kwa hoteli nyingine, na huko kwa nyingine, na makubwa yote watu wanayonisifia leo yalianzia hapo. Watoto wa mjini hapa huniuliza siri ya kufanikiwa. Nawaambia bidii. Idrisa kule Unguja alipata kazi ya ulinzi wa ghala. Cherehani hakuigusa tena. Niliambiwa akipita duka la mapazia huvuka upande wa pili wa njia.

Ramadhani ya kwanza alinipigia. Sauti ilikuwa imepungua, kama imepigwa pasi.

"Kaka Shomari, nimefikiri sana juu ya ile meseji. Siikumbuki. Nasema labda niliandika nikiwa na usingizi. Mimi niliyekuwa nawakataza watu! Nimekutia aibu ya polisi chumbani kwako, nikakuachia kazi katikati. Nisamehe, kaka yangu."

Na mimi, Shomari, ninayesema wazi, ninayewaambia matajiri uso kwa uso kwamba ni wezi, nikajibu: "Yamekwisha, Fundi. Nimekusamehe."

Alinipigia kila mwaka. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka nilimsamehe. Mwanzo nilijiambia mwakani nitasema. Halafu nikaona kwamba kila nilipomsamehe, kosa lilikua, kwa hiyo kulisema kukawa kugumu zaidi, kwa hiyo nikamsamehe tena. Nilikuja hata kuzoea. Mwaka mmoja alichelewa kupiga, nikaudhika. Hilo ndilo siwezi kulieleza kwa mtu yeyote: niliudhika kwamba hajaja kuniomba msamaha.

Siku tatu baada ya ile sauti ya Bi Zuwena, simu ikalia, namba ya Zanzibar. Nilikuwa ofisini. Niliinuka nikafunga mlango. Ilikuwa sauti ya mke wake, ambaye sijapata kumwona.

"Shemeji Shomari? Kunradhi kukusumbua. Ni mke wa marehemu."

"Poleni sana, shemeji. Mungu ampe kauli thabiti."

"Amina. Tulipomzika, tuliwaomba watu waliohudhuria wamsamehe kama aliwakosea. Wote wakaitikia. Lakini wewe uko mbali, na yeye aliniusia wewe hasa. Kaniambia, usimwamini mtu akikwambia Shomari kasamehe. Mpigie, umsikie kwa mdomo wake. Ilimkaa rohoni hiyo, shemeji. Mpaka siku za mwisho anaiuliza: niliandika lini? Anajishika kichwa, niliandika lini?"

Nje ya mlango wafanyakazi wangu walikuwa wanacheka jambo lao. Niliyapanga maneno. Yalikuwa matatu tu: shemeji, niliandika mimi. Niliyasikia yakifika kwenye meno. Kisha nikamsikia yule mwanamke anavyongoja, anavyoizuia pumzi, na kwamba alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Sijui nilijuaje, lakini nilijua. Nikaona nikisema, mume wake atakuwa amejitesa bure miaka yote, na yeye ndiye atakayebaki na habari hiyo, usiku na mchana, mjane. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Huenda ni kweli. Huenda ni mimi yule yule wa ukutani, nasubiri mtu mwingine aseme "basi nitakuwa ni mimi".

"Nimemsamehe, shemeji," nikasema. "Tangu zamani."

Akaachia pumzi. Akalia, kilio chepesi, cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi. Mungu akulipe, shemeji," akasema. "Mungu akulipe sawasawa na moyo wako."

Nikaitikia, "Amina."